Kumuaga Mhandisi Aliyeyasimamisha Mabasi Yangu

Mheshimiwa mgeni rasmi, uliyekuja kumwakilisha Mkuu wa Wilaya yetu, Baba Paroko, Mama Scholastica Mkuu wetu wa Chuo, walimu na wafanyakazi wa chuo hiki, wazee wenzangu mliopanda kutoka ziwani na mlioshuka kutoka Litembo, wanafunzi mliovaa ovaroli zilizopigwa pasi, jambo ambalo mimi katika maisha yangu yote ya gereji sijapata kuliona, na wewe mwenye siku yako, Mhandisi Herieth: wakubwa zangu shikamooni, na wengine wote nawasalimu kwa heshima. Tumsifu Yesu Kristo. Na ndugu zetu Waanglikana wa ziwani, Bwana asifiwe.

Nimeombwa nimuage Herieth kwa niaba ya wazazi na wadhamini. Mama Scholastica aliponipigia simu aliniambia, "Mzee Xaveri, tunataka maneno ya furaha. Binti anakwenda kufundisha chuo kikuu, si jambo dogo." Nikamwambia nitajitahidi. Nimejitahidi wiki nzima. Furaha ipo, siikatai, lakini kila ninapoifikia nakuta majuto yamenitangulia, nami katika umri huu siwezi tena kujifanya sijayaona. Kwa hiyo mnivumilie. Nitasema yote mawili, na litakalozidi lizidi.

Kwa ajili ya wanafunzi ambao hawanifahamu: mimi ndiye niliyekuwa na mabasi ya Rosina. Rosina ni mke wangu, yule pale mwenye kitenge cha bluu, anayeniangalia kwa wasiwasi kwa sababu anajua nikishika kipaza sauti sikiachi. Nilipopata basi la kwanza niliandika jina lake mbele, juu ya kioo, na watu wakalipenda jina kuliko basi lenyewe. Ilifika mahali mwanamume wa Mbamba Bay akimwambia mkewe kwenye simu, "Jioni nakuja na Rosina," mke anapika na hana wivu wowote.

Asubuhi Rosina lilipanda kutoka ziwani na akina mama na magunia yao ya dagaa. Jioni likashuka na mahindi, sabuni, wanafunzi waliofunga shule, na wagonjwa waliopona wakiwa wamekaa viti vya mbele na vikaratasi vyao vya dawa mkononi. Baadaye yakawa mabasi matatu, yote Rosina, na lile la kwanza, ambalo ndilo lililopewa imani kubwa na abiria, liliendeshwa na mtu mmoja tu kwa miaka yote liliyotembea. Mtu huyo ni Augustino wa Kihagara.

Niwaeleze vipi dereva yule, ninyi mliozaliwa na lami? Mteremko wa kushukia Nyasa mnaujua leo ukiwa mweusi na una mistari. Sisi tuliujua ukiwa mawe na matope mekundu, upande huu ukuta, upande ule miti ambayo unaiona vilele tu. Augustino alishuka pale masika na kiangazi, na mzigo juu ya paa, na watoto wamelala mapajani kwa mama zao, na hawakuamka. Kulikuwa na wazee wa ziwani waliokuwa wakifika stendi wanauliza kwanza, "Leo anaendesha Agusti?" Wakiambiwa hapana, wanarudi kulala kwa ndugu zao mpaka kesho. Ni heshima gani mtu wa usukani anaweza kupata zaidi ya hiyo?

Na Herieth ni binti wa Augustino.

Alipomaliza kidato cha sita akachaguliwa kusomea uhandisi wa magari chuo kikuu, ndugu wa upande wa mama yake walikuja kwangu wamenuna. Wao walitaka awe muuguzi. Mmoja akaniuliza, "Mzee, kweli msichana akalale chini ya lori?" Augustino akajibu kabla yangu. "Mimi nimelala chini ya magari tangu ujana wangu. Huyu atalala chini akijua anachokitazama."

Mkopo wa serikali ulimfikisha nusu ya njia, nusu iliyobaki nikamalizia mimi. Tafadhali, msinipigie makofi. Sikutoa kwa ukarimu. Nilikuwa na mabasi matatu na mafundi ambao kila mmoja alinieleza ugonjwa tofauti wa gari lilelile. Nikawaza, mtoto huyu akirudi nitakuwa na mhandisi wangu mwenyewe, wa nyumbani, ambaye hatanificha kitu. Nilifanya kama tunavyofanya na miche ya kahawa huku kwetu: nilihudumia nikitazamia kuvuna. Na Mungu anisamehe nikisema hivi mbele ya Baba Paroko, lakini nilivuna hasa nilichoomba. Mhandisi wangu hakunificha kitu.

Masomo hayakuwa mepesi. Darasani walikuwa wasichana wachache kabisa, na vijana wengi walitoka shule za ufundi, wameshashika spana tangu kidato cha kwanza. Mwaka wa kwanza alipata sapu, yaani mtihani wa kurudia, katika somo lile la mambo ya joto na nguvu zake. Alimpigia baba yake akilia, anataka abadilishe kozi. Nilikuwepo. Augustino alikuwa amekaa kwenye ngazi ya basi, simu ameiweka sauti kubwa, anakula muhogo wa kuchoma. Akamwambia, "Mama, unakumbuka kona ile ya jiwe kubwa? Mara ya kwanza nilipoifikia nilisimamisha gari, nikashuka, nikaenda kuitazama kwa miguu. Abiria wakanitukana. Nikaitazama mpaka nikaielewa, ndiyo nikapita. Na wewe shuka kalitazame somo lako." Alilirudia, akafaulu, na katika kozi nzima somo lile la joto ndilo alilokuja kulipenda kuliko yote.

Tangu hapo kila Jumapili baada ya ibada ilikuwa simu. Kama basi lilikuwa uwanjani kwangu, tulisikiliza wote, mimi, Rosina wangu, makondakta, na aliyepita njia. Siku moja alisema, "Baba, leo tumefundishwa kwamba ukikanyaga breki, mwendo haupotei. Unageuka kuwa joto." Augustino akacheka mpaka akakohoa. "Wamekufundisha leo? Njoo uguse gurudumu langu nikifika chini!" Akageuka kwetu akiwa na uso ambao nauona mpaka sasa, akasema, "Mnasikia? Anasoma gari lenyewe."

Mwaka wa mwisho walitakiwa kila mmoja afanye mradi wake. Wenzake walichukua injini, wengine magari ya umeme. Herieth akachagua mteremko wetu. Akawa anampigia baba yake katikati ya wiki, anamuuliza kama profesa anavyoulizwa: Baba, unaanza kushika breki wapi? Gia ya ngapi? Harufu ya breki unaanza kuisikia kabla ya daraja au baada? Ukiwa na magunia juu, basi linakuvuta upande gani? Na Augustino akajibu yote, kwa utulivu, kama mtu anayemrithisha mtoto shamba. Nadhani katika maisha yake hakuwahi kuwa na mwaka mzuri kama ule. Nani kati yetu, wazazi tuliopo hapa, amewahi kuulizwa na mtoto wake wa chuo kikuu kitu anachokijua yeye peke yake?

Hapo ndipo majuto yangu yanapoanzia. Majibu ya baba ndiyo yaliyomfikisha mtoto kwenye lile alilokuja kulisema.

Alirudi na shahada yake, na lami nayo ilikuwa imekamilika mpaka ziwani. Mnakumbuka tulivyoshangilia? Ngoma za lizombe zilichezwa barabarani. Mimi nilichinja ng'ombe pale uwanjani, kwa ajili ya lami na kwa ajili ya Herieth, kwa mkupuo mmoja. Watu wakala, wakanipongeza kwamba sasa ninavyo vyote, barabara na mhandisi. Herieth hakula sana. Alikuwa chini ya basi la baba yake na tochi, na gauni la sherehe amelikunja kiunoni.

Siku mbili baadaye alikuja ofisini. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kazini."

"Mzee, naomba tulishushe Rosina bila abiria. Tulipakie magunia ya mahindi yenye uzito wa watu, baba aendeshe, na mimi niwe na kipimajoto."

Nikamuuliza kisa. Akanieleza, na alinieleza kwa Kiswahili cha kawaida, sio kile cha vitabuni. Mabasi yangu yalijengwa juu ya miguu ya malori ya zamani, yakarefushwa ili yabebe viti vingi, kama yalivyojengwa mabasi mengi ya wakati ule. Kwenye ile barabara ya mawe hayakupata tabu, kwa sababu yalitambaa. Mawe yenyewe yalikuwa breki. Sasa mawe hayapo. Basi linateleza kwenye lami, mteremko ni uleule, urefu ni uleule, na kazi yote iliyokuwa inafanywa na mawe inafanywa na vyuma vilivyomo ndani ya gurudumu. Ukaguzi yalikuwa yamepita, tena kwa haki, maana breki hukaguliwa gari likiwa baridi, mahali tambarare. Herieth alitaka kujua zikiwa za moto, chini ya mlima.

Tukashuka. Mimi nilikaa kiti cha nyuma ya dereva, nimeshika bomba. Augustino aliendesha vizuri kuliko siku zote, kwa sababu alikuwa anaendesha mbele ya mwanawe. Gia nzito, mguu mwepesi, hakuna kona aliyoingia kwa pupa. Tulipofika tambarare akazima, akaruka chini anacheka. "Umeona? Limeshika mpaka chini. Haya, andika huko chuoni kwenu."

Herieth alikuwa ameinama kwenye gurudumu la nyuma na kile kipimajoto chake cha kuelekeza kama bastola. Akapima la kulia, akapima la kushoto, akarudi la kulia. Harufu ya kuungua ilikuwa imetuzunguka.

"Vipi?" nikauliza.

"Baba, usiguse gurudumu."

"Hii harufu?" Augustino akasema. "Hii harufu ipo siku zote, mama."

"Ndiyo inayonitisha, baba. Kwamba ipo siku zote."

Mheshimiwa mgeni rasmi, nilisimama pale kati ya baba na mtoto wake, na ziwa liko mbele yetu linang'aa kama halihusiki, nikatamani mmoja wao aseme neno la mzaha.

Nikamuuliza Herieth swali ambalo kila mtu wa biashara angeuliza. "Lini breki hizi zitakataa?"

"Sijui, mzee. Labda kesho. Labda zisikatae mpaka mabasi yafe yenyewe."

"Sasa umesomea nini, kama hujui?"

Nilisema kwa hasira, na yeye hakukasirika. Alisema, "Ninachokijua ni kwamba hakuna akiba iliyobaki. Baba anafika chini akiwa ametumia kila kitu kilichopo. Siku akitokea ng'ombe barabarani, au mvua, au lori limeharibika kwenye kona, atakanyaga na hatakuwa na cha kukanyaga. Mkono wake hauna kosa. Chuma ndicho kimefika mwisho."

Sikukubali siku ileile, msinifanye mtakatifu. Kwanza tulijaribu kupunguza abiria. Basi likashuka nusu tupu, na nusu tupu halilipi hata mafuta yake. Tukajaribu kwenda polepole. Abiria wakapiga kelele, bodaboda zikatupita, magari madogo yakatupita, vijana wakachungulia madirishani wakimuuliza Augustino kama amelala. Augustino! Na hata kwa mwendo ule Herieth alipopima alitikisa kichwa. Kulikuwa na kifaa cha kufunga ili kuzisaidia breki, alinieleza. Lakini kukifunga kwenye mabasi ya umri ule ilikuwa sawa na kununua mengine, na benki zilinisikiliza kwa adabu zikaniaga kwa adabu. Nikaita mafundi niwasikie na wao. Wote wakasema, "Mzee, endelea, magari imara haya." Kwa hiyo upande mmoja nilikuwa na mafundi wote wa Mbinga, abiria wote wa Nyasa, dereva wangu bora, na miaka yote ambayo hakuna aliyeumia. Upande wa pili nilikuwa na msichana mmoja na shahada ambayo wino wake haujakauka.

Nikayasimamisha mabasi. Niseme wazi leo, kwa sababu mitaani husemwa vingine: aliyeyasimamisha ni mimi. Yeye alisema alichokiona. Funguo nilizikusanya mwenyewe na mkono wangu huu. Nililisema hilo stendi, nikalisema kanisani, na watu wakaniambia, "Pole mzee, yule mtoto amekupotosha." Hawakutaka iwe mimi. Ilikuwa rahisi zaidi iwe yeye.

Akina mama wa dagaa masika ile walipanda juu ya malori ya mkaa. Mmoja wao, Tadea, ambaye namwona hapa na sasa ni rafiki yangu tena, alimkuta Herieth sokoni akamwambia mbele ya watu, "Msomi wetu, umetusaidia sana, dagaa zangu zimeoza kwa elimu yako." Vijana wa stendi wakampa jina, Injinia Paki, kwa sababu kila gari analoliangalia anasema lipaki. Wanafunzi mnacheka, na nyie mnamwita hivyo, najua. Lakini jina lile lilipanda mpaka Kitai, likafika Songea. Aliomba kazi kwa wenye mabasi wengine, na kila mmoja alimkaribisha vizuri, akamsifu vizuri, na hakumwajiri. Nani atamweka nyumbani kwake mtu anayeweza kumwambia hapana? Kama si Mama Scholastica na chuo hiki, waliompa kazi ya kufundisha hapa, angeondoka siku nyingi.

Alikuja mnunuzi kutoka mkoa mwingine, anayataka mabasi yote matatu, na hakuwa na ubishi wa bei. Nilimpigia Herieth simu. Hakuniambia usiuze. Aliuliza tu, "Huko anakoyapeleka kuna milima?" Nikamwuliza yule bwana. Kulikuwa na milima. Nikamnywesha chai, nikamsindikiza. Mawili yakakatwa yakawa chuma chakavu, nami nilikaa ndani siku ile ili nisisikie misumeno. Lile la kwanza nikalitoa kwa chuo, na ndilo lile mnalolifungua na kulifunga kila muhula kule nyuma ya karakana.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo panaponiumiza. Hakuna ajali iliyotokea. Mnaelewa maana yake? Kama basi lingeanguka baada ya kuonywa, Mungu apishe mbali, leo Herieth angekuwa nabii. Kwa kuwa nilimsikiliza, hana ushahidi wowote. Hakuna mtu ninayeweza kumnyooshea kidole nikasema, huyu anapumua kwa sababu ya Herieth. Labda ni Tadea. Labda ni watoto wa Tadea. Labda hakuna hata mmoja. Mimi mwenyewe kuna asubuhi naamka nikiamini alikosea, kwamba Rosina lingekuwa bado linashuka na kupanda, na Augustino bado yuko kwenye usukani na shati lake jeupe. Halafu nakumbuka ile harufu. Nimeshazoea kuishi hivyo, bila kujua. Sidhani kama ni jambo mtu analizoea vizuri.

Na Augustino? Mmeona kiti kile kando ya Mama Ottilia, mama mzazi wa Herieth. Kimewekewa kitambaa na hakina mtu.

Siku nilipochukua funguo, alinikabidhi, akarudi Kihagara. Alipewa malori, akakataa. Analima mihogo na mpunga. Herieth hushuka kila Krismasi kuwasalimu. Anapiga magoti, "Shikamoo baba." Naye anaitika, "Marahaba." Halafu basi. Mama Ottilia anaweka chakula, anaongea peke yake, anacheka peke yake, mpaka mgeni anaondoka.

Wiki iliyopita nilikwenda Kihagara kumwalika mwenyewe. Nilimkuta anaanika mihogo. Tukasalimiana, tukaulizana hali, nikamwambia, "Agusti, mtoto anaondoka. Anakwenda kufundisha wahandisi. Njoo umuage."

Akaendelea kugeuza mihogo. Baadaye akasema, "Mzee, mimi nilishusha watu ule mlima maisha yangu yote. Nilijua ni mimi ninayewashusha. Wakifika chini wananiambia asante, napokea, kwa sababu najua nimefanya kazi. Yeye amekuja kuniambia ilikuwa bahati. Kila siku, bahati. Sasa ukimwambia mtu kazi yake yote ilikuwa bahati, umemwachia nini?"

Nilimwambia tu, "Hakusema hivyo, Agusti. Alisema mkono wako hauna kosa."

"Alisema. Nilimsikia. Lakini nikilala nasikia lile lingine."

Tukakaa. Tukanywa togwa. Nikarudi.

Ndugu zangu, mnaona kwa nini Mama Scholastica alinitaka maneno ya furaha na mimi nikashindwa kuyapata? Tumemsomesha mtoto, amesoma, amerudi, amesema kweli kama anavyoiona. Na kweli hiyo imemnyima baba, imenimalizia biashara, imewasumbua akina mama, na leo inamwondoa na yeye mwenyewe, kwa sababu katika nchi hii yote ya Mbinga na Nyasa, yenye milima kama hii na magari kama haya, hatukupata nafasi ya mtu anayeweza kuitazama breki ya moto. Tunamtoa kwa vyuo vya mbali, halafu tutapiga makofi. Nani kati yetu amefanya kosa? Nimetafuta sana, na simpati. Ingekuwa nafuu kama ningempata.

Herieth, mwanangu, simama nikuone. Asante. Unakwenda kusimama mbele ya vijana ambao hawajawahi kusikia harufu ile. Wafundishe hesabu zake, kwa sababu hesabu zako zilikuwa sawa, au angalau mimi niliziwekea kila nilichokuwa nacho. Lakini ukipata saa moja isiyokuwa kwenye ratiba, wafundishe pia kwamba kila gari wanalolipima lina mtu aliyelipenda. Sisemi wanyamaze. Wewe hukunyamaza, na sikutaka unyamaze. Nasema tu wajue wanamwambia nani.

Nimalizie. Leo asubuhi, nikiwa navaa koti hili, simu iliita. Ni Augustino. Hanipigii, huwa ananitumia vijana. Hakunisalimu.

"Anasafiri na gari gani?"

"Basi la kwenda Mbeya, kesho alfajiri, kupitia Songea na Njombe."

"Dereva nani?"

"Simfahamu, Agusti."

Nilisikia kuku wake. Halafu akasema, "Kule njiani kuna miteremko mirefu. Mwambie kabla hajapanda ainame aangalie chini ya gari. Yeye anajua pa kuangalia. Asiporidhika asipande, hata wakimcheka."

Nikamwambia, "Nitakuwa naye baada ya muda mfupi. Subiri nimpe simu umwambie mwenyewe."

"Mwambie wewe," akasema, akakata.

Herieth, hiyo ndiyo salamu ya baba yako. Ni fupi, haina pole wala asante, na mimi sitaipamba mbele ya watu hawa ionekane ni zaidi ya ilivyo. Lakini nimemfahamu Augustino tangu kabla hujazaliwa. Nimemsikia akiwasifu madereva wawili watatu, na injini moja. Sijapata kumsikia akisema juu ya mtu yeyote, fundi wala mwenye gari, kwamba huyo anajua pa kuangalia.

Safiri salama, mwanangu. Mheshimiwa mgeni rasmi, Baba Paroko, Mkuu wa Chuo, na ninyi nyote mlionitegea masikio mpaka hapa bila kunikatisha, nawashukuru kwa moyo wangu wote.